Deni la Madumu Sita

Siku ya tatu ya mkutano, ukumbini Wete,
wageni wa nchi mbili bado wamekwama kifungu cha nne.
Mie napita na birika.
Ukutani wametundika ramani: mto mmoja, mstari wa buluu,
unakatwa na vinukta vya mpaka,
na ukishavuka unaendelea kuwa buluu vilevile.

Wanabishania neno.
Hawa wa juu ya mto wanataka "kutumia",
wale wa chini wanataka "kugawana",
na katibu, kijana Asaa, anaandika, anafuta, anaandika.
Mbele ya kila mtu chupa ya maji,
imefunguliwa, imenywewa mafunda mawili, imesahauliwa.
Jioni huyakusanya mabaki yale kwenye ndoo.
Jana ilijaa pomoni. Nikamwagilia miche ya mikarafuu,
sikumwambia mtu.

Leo saa nne na nusu mfereji ukakohoa, ukanyamaza.
Mheshimiwa mmoja akatoka chooni, mikono povu tupu,
kaishika mbele yake kama mtu aliyebeba mayai,
akaniuliza: "Mama, maji yako wapi?"

Nilitaka kucheka. Swali hilo
mie nalala nalo tangu nimeolewa.

Maji yako kisimani, mheshimiwa.
Kisima kiko bondeni, baina ya Juu na Chini,
mitaa miwili isiyooana kwa urahisi.
Chini ya jiwe mna maji matamu kiasi cha viganja;
ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda kutoka baharini,
na chumvi haiulizi wewe mtoto wa nani.
Mwaka ule tulioshindania ndoo, tulikoroga uji
kwa maji yale. Watoto wa Juu wakautema.
Watoto wa Chini wakautema.
Ndipo likanunuliwa daftari, lile la skuli, la mistari,
na kalamu ikafungwa uzi isije ikahamia upande mmoja.
Jumamosi, Jumatatu, Jumatano: Juu.
Jumapili, Jumanne, Alhamisi: Chini.
Ijumaa kisima kinapumzika, nacho kina haki yake.

Leo Jumanne.

Na daftari Jumanne analishika Mgeni Faki,
ambaye mie na yeye hatusemezani tangu arusi ya Time,
kwa sababu ya sahani. Si sahani hasa. Mambo marefu.

Nikateremka na toroli, madumu sita yanagongana,
bonde zima likajua naja.
Hakunitazama mie. Aliyatazama madumu.
"Ya nani?"
"Ya mkutano."
"Mkutano wa nini?"
"Wa maji."
Akacheka, cheko lake lile la tangu chuoni
lililokuwa likitupigisha bakora sote wawili,
na mkono wangu ukajikuta umeshika kamba pamoja na wake.

Dumu moja, tungoje. Dumu la pili, tungoje.
Katika kungoja ndipo yaliposemwa ya sahani.
Hayakwisha, lakini yalisemwa.
Kisha akalamba ncha ya kalamu, akaandika:
JUMANNE. MKUTANO. MADUMU SITA. DENI.
"Mdaiwa nimwandike nani?"
Nikazifikiria zile nchi mbili,
na vibendera vyao mezani, kila kimoja na kigingi chake.
"Niandike mie."

Wageni wakanawa. Baada ya adhuhuri kifungu cha nne kikapita;
neno gani lilishinda sijui, nilikuwa jikoni,
makofi niliyasikia.
Wakapanda magari kwenda kiwanja cha ndege,
kila mmoja na chupa mpya mkononi.

Jumatano, kabla ya adhana ya alfajiri, zamu yetu.
Nilivuta sita, nikingoja baina ya dumu na dumu,
nikayasukuma hadi Chini, mlangoni kwa Mgeni.
Alikuja na kata.
Akaonja la kwanza, akaonja na la sita,
akakaa nalo ulimini kitambo.
Ndipo akaomba kalamu.